Fungu la Tarehe Kumi na Tisa

Sehemu ya Saba

Mlioniacha wiki iliyopita ofisini kwa wakili mnakumbuka kalamu yake ilikuwa imesimama wapi. Anayeanza leo asijali, nitamsimulia kwa maneno machache.

Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Mume wangu ni mlinzi wa ghala la baridi, lile la kuhifadhi samaki na nyama. Miaka kumi na moja tumepanga chumba na ukumbi, na ukuta wake unatoka maji kama mtu mwenye homa. Mtoto wetu wa pili hajawahi kumaliza mwezi bila kifua kumbana. Daktari aliniambia waziwazi kwamba dawa ataandika, lakini nyumba hawezi kuniandikia.

Basi tukapata nyumba. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, dirisha kubwa, ukuta mkavu. Niliugusa kwa kiganja, halafu nikauwekea shavu, muuzaji akanitazama kama mwehu. Benki ikakubali kutukopesha. Ikabaki sisi kutoa malipo ya awali, na hela tulikuwa nazo.

Wakili, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa anapitia taarifa ya benki ya mume wangu mstari kwa mstari. Mshahara, kodi, dawa, mshahara, kodi, dawa. Kalamu ikafika tarehe kumi na tisa, mwezi wa sita wa mwaka jana. Hapo ikagoma.

"Hili fungu limetoka wapi?"

Mume wangu alijibu kabla swali halijatua. Akasema ni kiwanja cha marehemu baba yake, kimeuzwa.

Nilishangaa kidogo, kwa sababu mimi aliniambia ni akiba yake ya kazini aliyokuwa akikatwa kidogo kidogo. Lakini mke mwenye akili hamuumbui mumewe mbele ya wakili. Nikatazama mkoba wangu.

Wakili hakukunja uso. Alitueleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza, kwamba yeye hatushuku sisi, ila sheria inamtaka ajue kila senti ya malipo ya awali imezaliwa wapi. Tulete hati ya mauziano ya kiwanja, barua ya aliyekiuza na kitambulisho chake. Bila karatasi hizo hawezi kuzigusa hela zetu hata kwa ncha ya kalamu. Kisha akatukumbusha kwamba muuzaji ana mnunuzi mwingine mlangoni, na ametupa wiki mbili tu.

Tuliposhuka ngazi mume wangu alitangulia. Kwa kawaida hunisubiri, maana goti langu moja si zima. Siku hiyo alinitangulia hadi barabarani, akasimama akiwa amenipa mgongo.

Nilimwuliza, kiwanja au akiba? Akasema ni vyote viwili, vilichanganywa. Akasema karatasi atazifuata mwenyewe, nisijisumbue.

Siku tano zikapita. Kila nikiuliza, naambiwa kesho. Siku ya sita ilikuwa Jumapili, yeye yuko kazini. Nikawaachia watoto kwa jirani, nikapanda basi kwenda kwa mama mkwe wangu.

Sikwenda kumpeleleza mume wangu, naomba mniamini. Nilikwenda kusaidia. Nilijisemea kwamba nikirudi na hizo karatasi atacheka na kuniita wakili wa nyumbani.

Mama mkwe wangu nilimkuta analima. Aliinua mgongo kwa shida, akanisalimu, akauliza watoto, akauliza kifua cha yule wa pili. Nami nikauliza afya yake, mpaka salamu zikatuishia. Ndipo nikamweleza kilichonileta: hati ya kile kiwanja cha baba kilichouzwa.

"Kiwanja gani, mkwe wangu?"

Nikamwambia, kile cha baba.

Akatazama chini, kwenye miguu yake iliyojaa udongo, halafu akanitazama mimi. Akaniambia kiwanja cha marehemu ni kimoja tu tangu dunia iumbwe, na ndicho nilichosimama juu yake.

Akanishika mkono, akaniketisha kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, akaniletea maji. Nilikunywa bila kuonja.

Baadaye, kwa sauti ya mtu anayeokota kitu kilichomponyoka, akaniambia mwanawe alikuja pale mwaka jana, mwezi wa sita. Hakusema kilichomleta. Alikaa pale pale nilipokaa mimi, asubuhi nzima, akikataa chakula.

"Aliniuliza swali moja tu," mama mkwe akasema. "Aliniuliza, mama, mtu akinyamaza, anahesabiwa kuwa amesema uongo? Nikamjibu inategemea ananyamazia nini. Akainuka akaondoka. Mwanangu amefanya nini?"

Nilimwambia labda ni mambo ya kazini.

Kwenye basi la kurudi nilikaa dirishani, lakini nje sikuona kitu. Nilikuwa nahesabu siku kwa vidole. Tarehe kumi na tisa, mwezi wa sita.

Tarehe kumi na tano tulimzika Pacha.

Pacha hakuwa ndugu wa mume wangu. Walikuwa walinzi wa zamu moja kwa miaka tisa, wakila sahani moja na kubishana mpira ule ule, mpaka watu pale ghalani wakawaita mapacha. Mume wangu jina lilimtoka, mwenzake likamganda. Mkewe ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, huniita dada, na tangu tujuane hajawahi kupita dukani bila kuniletea kitu, hata kama ni limau moja.

Pacha alikufa ndani ya chumba cha barafu. Kampuni ilitangaza kwamba aliingia amelewa, akiwa anaiba boksi la samaki, mlango ukamfungia. Ilikuwa Jumapili, hakuna wafanyakazi. Walimkuta jioni, zamu ilipobadilishwa. Na kwa kuwa alikufa katika wizi, mjane hakulipwa fidia hata ya sanda.

Mimi niliamini. Hapa ndipo kukiri kwangu kunapoanza, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Nilimshika mjane mkono msibani, nikalia naye, nikaipiga pasi kanzu aliyozikwa nayo mumewe. Lakini nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba tamaa imemponza Pacha. Mume wangu alinitazama, akageukia ukutani. Mimi nikadhani ni huzuni.

Siku iliyofuata ile safari ya kwa mama mkwe nilikuwa zamu ya asubuhi. Nilirudi saa nane mchana, nikamkuta anavaa sare ya kwenda kazini. Nisisahau kuwaambia kwamba tangu mwezi wa saba mwaka jana yeye ni msimamizi wa walinzi wote, na sare yake ina utepe begani.

Nilimwambia nimetoka kwa mama yake.

Alikuwa anafunga kifungo cha mkono. Kilimponyoka mara tatu. Mwishowe aliachana nacho, akakaa kitandani.

Niliuliza mara moja tu. Nilimwuliza, fungu la tarehe kumi na tisa limetoka wapi.

Alisimulia akiwa ameinamia viatu vyake. Mlango wa chumba cha barafu, akasema, komeo lake la ndani lilikuwa limekufa kwa miezi miwili. Ukifungika uko ndani, huwezi kutoka. Yeye na Pacha waliliandika mara nne kwenye kitabu cha matukio, wakaweka sahihi zao wote wawili. Hakuna fundi aliyekuja. Basi wakajipangia utaratibu wao: mmoja akiingia kusoma kipimo cha baridi, mwingine anasimama mlangoni akiushika.

Jumapili ile taa ya hatari iliwaka. Pacha akaingia. Mume wangu akashika mlango. Mara lori likapiga honi getini, honi ya mtu mwenye haraka, likapiga tena na tena.

"Nikaweka kreti," akasema. "Nikaegemeza kreti mlangoni, nikamwambia narudi sasa hivi."

Dereva wa lori alikuwa na karatasi zenye makosa. Wakavutana naye pale getini kwa muda. Mume wangu alipogeuka kurudi alikuta mlango umefungwa, kreti iko pembeni, korido kimya. Akadhani Pacha ametoka. Jumapili Pacha alikuwa na tabia ya kutoroka kwenda kutazama mpira kwenye kibanda cha jirani, na kila mara mume wangu alimfichia. Siku hiyo pia alimfichia. Akarudi getini, akaketi, akawa anamngoja aje kumsimulia mabao.

Kwa saa tano nzima alimngoja.

Nilitaka kuziba masikio.

Mume wangu akaendelea: meneja alifika kabla ya polisi. Akakiomba kitabu cha matukio. Akazisoma zile kurasa mbili zenye habari za komeo, akakisukuma kitabu mbele ya mume wangu kikiwa wazi, akatoka nje kuvuta sigara. Aliporudi, kurasa hazikuwepo. Hakuuliza zimekwenda wapi. Alichosema ni kwamba mume wangu akitaja komeo, na yeye itambidi ataje kreti.

Siku nne baada ya maziko, fungu likaingia benki.

"Sikuiba," mume wangu akaniambia. "Sikumwua mtu. Nilisaini tu maelezo ya kampuni, kwamba alikuwa amelewa na anaiba."

Ninyi mnaonisoma mngefanyaje? Najua wengine mngebeba watoto na kuondoka. Wengine mngekwenda moja kwa moja kwa mjane. Nami nilifikiria hayo yote, nisiwafiche. Niliinuka hata nikafika mlangoni.

Upande wa pili wa pazia mtoto wangu akaanza kukohoa. Kile kikohozi chake kikavu, kinachopanda ngazi na hakishuki. Nilikwenda nikamkalisha, nikamsugua mgongo, nikamshikia kile kibomba chake cha dawa mdomoni mpaka pumzi ikarudi. Nyuma yake ukuta ulikuwa unang'aa kwa maji.

Nikarudi kwa mume wangu. Na maneno yaliyonitoka sikuyapanga, lakini ni yangu, hakuna aliyenishurutisha.

"Meneja anaweza kutuandikia barua?"

Akainua uso. Nadhani alitarajia nimtukane. Alinitazama, na katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuona macho ya kuogopa namna ile. Hakuwa akimwogopa meneja. Alikuwa akiniogopa mimi.

Tulikwenda Jumatano. Ofisi ya meneja iko juu ya ghala, na sakafu yake hupitisha baridi mpaka kwenye nyayo. Meneja alikuwa mkarimu kupita kiasi. Alinivutia kiti mwenyewe, akauliza watoto, akaagiza chai. Mume wangu alisimama kama aliyeitwa kukaripiwa.

Nilidhani atatuzungusha. Hata kidogo. Alimwita karani, akamsomea barua papo hapo bila kusitasita: kwamba fungu lililoingia tarehe kumi na tisa mwezi wa sita ni zawadi ya kampuni kwa mlinzi wake, kwa uaminifu na utumishi wa muda mrefu. Karani akachapa, meneja akasaini, muhuri ukagongwa. Barua ikalala mezani, nyeupe, imenyooka.

Nilinyoosha mkono. Akaiwekea kiganja juu yake.

"Mama, wewe si ndiye unayefua sare za walinzi wetu?"

Nikamjibu ndiyo, duka letu lina mkataba nao, sare zote hupita mikononi mwangu.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema dunia ni ndogo. Kisha akaeleza, kwa upole ule ule wa chai, kwamba mjane wa yule marehemu amepata wakili wa kujitolea na amefungua kesi. Jambo la kusikitisha, alisema, kwa sababu litamwaibisha bure. Kampuni inahitaji tu watu wakweli wa kusema walichokiona. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine. Ilikuwa imeshachapwa tangu kabla hatujaja.

Niliisoma mara mbili. Ilisema kwamba mimi, mpiga pasi, mara kadhaa nilikuta chupa ndogo ya pombe kwenye mfuko wa sare ya marehemu.

Miaka tisa nilizifua na kuzipiga pasi sare za Pacha. Nilichowahi kukuta mifukoni mwake ni tiketi za basi na pipi za watoto wake zilizoyeyuka, zikanichafulia suruali mbili nzima. Nilimjia juu, nikamsema, akacheka.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama dirishani. Nilimngoja aseme neno. Ningelipata neno moja tu kutoka kwake, hata kikohozi, pengine leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Hakusema.

Meneja alinikabidhi kalamu, akiwa ameshaitoa kifuniko.

Nikasaini.

Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliandika jina langu kwa mwandiko mzuri, ule wa shuleni, na sahihi ilipokauka meneja akaondoa kiganja chake juu ya barua yetu.

Kesho yake wakili aliisoma ile barua. Akairudia. Akampigia simu meneja mbele yetu, akahakikisha, akashukuru, akakata. Nilikuwa najikaza nisimwonyeshe jasho. Alifunga jalada letu, akasema kila kitu kiko sawa, tutaweka sahihi za mwisho Jumanne na kupewa funguo siku hiyo hiyo.

Mume wangu alikwenda kunawa uso. Tukabaki wawili. Wakili akavua miwani, akaifuta.

"Mama, mara ya kwanza mlisema ni kiwanja," akaniambia. "Kazi yangu ni karatasi, na karatasi mmeleta. Lakini mimi nimeshaona watu wengi wakinunua nyumba. Wewe ni wa kwanza kupewa tarehe ya funguo ukalia namna hiyo."

Sikujua kama ninalia. Nikajipangusa kwa kitambaa, nikamwambia ni furaha. Akavaa miwani yake.

Ijumaa nilikuwa dukani peke yangu. Bosi alikuwa amekwenda kununua sabuni. Saa nne asubuhi, mvuke umejaa, nimeinamia shati, nikasikia mtu ananiita dada.

Alikuwa mjane wa Pacha.

Amekonda jamani. Gauni limemning'inia kama lililotundikwa kwenye msumari. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamvutia kigoda, nikaendelea kupiga pasi ili nisimtazame machoni.

Akaniambia ana kesi Jumatano ijayo. Nikajifanya nasikia leo. Wakili wake amemweleza kwamba upande wa pili wana shahidi atakayesema marehemu alikuwa mlevi, jina la shahidi bado halijatolewa. Ndipo akanifikiria mimi.

"Dada, sare zake zote umezishika wewe. Nisaidie useme hukuwahi kukuta chupa. Maneno yako watayaamini, huna cha kupata hapo."

Niliipitisha pasi mahali pamoja mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Nikainyanyua. Nikasema nitajaribu. Hayo ndiyo niliyosema. Nitajaribu.

Akanishukuru. Akanishukuru mpaka nikatamani anipige kofi.

Kisha akatazama mlangoni, akasogea karibu, akashusha sauti. Juzi alirudi kutoka sokoni akakuta mlango wa chumba chake umevunjwa. Televisheni ipo, jiko lipo, hata hela kidogo zilizokuwa chini ya godoro zipo. Lakini kila karatasi ilikuwa sakafuni. Hakuelewa walitafuta nini. Leo alfajiri, alipokuwa anatafuta viatu vya mumewe ampe mdogo wake, ndipo alipoelewa.

Akaingiza mkono kifuani, akatoa kidaftari chembamba, jalada la bluu, kimejikunja kwa kukaa ndani ya kiatu.

Akakifungua juu ya meza yangu ya pasi. Mwandiko wa Pacha niliujua mara moja. Alikuwa ameyanakili yote manne yaliyoandikwa kwenye kitabu cha matukio, tarehe kwa tarehe, neno kwa neno: komeo la ndani la chumba cha barafu ni bovu, meneja ameelezwa, fundi hajaja. Na chini ya kila moja kulikuwa na sahihi mbili. Yake, na ya pili yenye mkia mrefu unaorudi nyuma, ambayo nimeiona kwenye kadi za kliniki za watoto wangu wote.

Mjane akaiwekea kidole ile ya pili. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akitabasamu.

"Ya shemeji hii. Nilipoiona nilipiga magoti. Kampuni inaweza kukataa mwandiko wa mume wangu, aliyekufa hasemi. Lakini shemeji yupo. Hatakana mkono wake mwenyewe."

Wakili wake, akasema, amesafiri, anarudi Jumatatu. Kukaa nacho nyumbani anaogopa, kutembea nacho anaogopa. Akafikiria ni nani katika mji huu mzima anaweza kumwachia roho yake kwa siku tatu, akaona ni mimi tu.

Nilifungua mdomo nimkatalie. Nawaapia nilifungua mdomo. Yeye akadhani nataka kumwaga machozi, akanikumbatia na mvuke wangu na jasho langu, akakisukuma kile kidaftari chini ya shati lililokuwa mezani, akatoka.

Sikupata hata nafasi ya kukaa chini. Kengele ya mlango ikalia tena.

Aliyeingia alikuwa dereva wa meneja. Kila Ijumaa yeye ndiye huleta mfuko wa sare chafu na kuchukua safi, kwa hiyo nilimsalimu kama kawaida na kumwonyesha mfuko wake uliokwisha kufungwa. Hakuugusa. Aligeuza kile kibao cha mlangoni kinachosema duka liko wazi, akakielekeza ndani, kisha akasukuma komeo taratibu.

Akaniuliza kama nimeshajiandaa kuhamia nyumba mpya. Akasema meneja ananisalimu sana, na anasema Jumanne si mbali. Anasema pia ile barua ya zawadi, kampuni iliyoiandika inaweza kuikana kwa simu moja tu kwa yule wakili wetu, na mambo yakifika hapo hela zitaitwa za wizi, na mwizi atakuwa ni mume wangu.

Kisha akaegemea kaunta.

"Huyo mama aliyetoka sasa hivi alikuja na kitu, ametoka mikono mitupu," akasema. "Mimi sitaki kukuharibia siku. Nipe tu, niondoke."

Akanyoosha kiganja chake kikiwa wazi juu ya meza, karibu kabisa na shati.

Nje, kupitia kioo, nilimwona mjane bado amesimama upande wa pili wa barabara, anangoja magari yapite avuke. Ningeita angesikia. Akageuka, akaniona, akanipungia mkono.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshaanza kulinyanyua shati.